Kache Haimjui Mtu

Steam ni duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, mali ya kampuni ya Valve ya Marekani. Siku ya Krismasi ya mwaka 2015 baadhi ya wateja wake walifungua ukurasa wa mbele wakaukuta umeandikwa kwa lugha nyingine kabisa. Wengine walibofya akaunti zao, zikaja akaunti za watu wasiowajua: anwani ya kulipia, barua pepe, orodha ya vitu vilivyonunuliwa, tarakimu mbili za mwisho za kadi ya benki. Hawakuiba nywila ya mtu wala hawakuvunja mlango wowote. Walibofya tu, kama walivyobofya jana yake.

Ilikuwa rahisi kudhani duka limedukuliwa. Tarehe 30 Desemba Valve ikatoa maelezo, na kumbe kisa kilikuwa kingine. Siku ile duka lilishambuliwa kwa mafuriko ya maombi yaliyokusudiwa kuliangusha, tena katikati ya msimu wa punguzo la bei. Msongamano ulipanda kwa asilimia 2,000 juu ya wastani wa msimu wenyewe. Mshirika aliyekuwa akiifanyia Valve kazi ya kache, yaani kuhifadhi nakala za kurasa ili zigawiwe tena bila kuundwa upya, akaweka kanuni za kuzipunguzia seva mzigo. Wimbi la pili la mashambulizi lilipokuja, zikawekwa kanuni nyingine, na hizo ndizo zilizokosewa: zilihifadhi hata kurasa za watu waliokwisha kuingia kwenye akaunti zao, kisha zikamgawia yeyote aliyefuata. Kuanzia saa 5:50 asubuhi hadi saa 7:20 mchana, kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, taarifa za watu wapatao 34,000 huenda zilionekana kwa wengine. Nywila na namba kamili za kadi hazikuwamo. Hiyo ni nafuu, lakini anwani ya nyumbani kwa mtu nayo si jambo dogo.

Anayetaka kuharakisha tovuti yake asikimbie kache kwa sababu ya kisa hiki. Kwenye tovuti iliyojengwa kwa mfumo wa WordPress na isiyo na kache, kila msomaji anapofungua makala, PHP, lugha ya programu inayouendesha mfumo huo, inaamka, inaihoji hifadhidata ya MySQL swali baada ya swali, inayaunganisha majibu kuwa ukurasa mmoja na kuutuma. Msomaji wa pili akiomba makala ileile, kazi yote inaanza upya. Kache ya seva inafanya anachofanya mama ntilie: chai inachemshwa mara moja, inatiwa kwenye chupa, kila anayekuja anamiminiwa. Makala ni ileile kwa wote, kwa hiyo hakuna anayedhulumiwa, na seva ndogo ya bei nafuu inaweza kuhimili wasomaji ambao bila kache wangeilaza. Anayekuambia ununue seva kubwa kabla hujaweka kache, mwulize kwanza anauza nini.

Balaa linaanza pale ukurasa unapokuwa wa mtu mmoja. Kache huyatambua maombi kwa ufunguo, na kwa kawaida ufunguo huo unatokana na anwani ya ukurasa. Sasa anwani ya ukurasa wa akaunti, au wa kikapu cha manunuzi, ni moja kwa wateja wote. Kinachomtenga mteja Asha na mteja Juma ni kuki, alama ndogo ya utambulisho ambayo tovuti huiweka ndani ya kivinjari cha kila mmoja. Kache isiyojali kuki inawaona ni mtu mmoja: Asha akitangulia, Juma anapewa ukurasa wa Asha.

Watengenezaji wa zana za kache wanalijua hilo. Varnish, ukiiacha ilivyo, haihifadhi jibu la ombi lililobeba kuki. Nginx nayo haihifadhi jibu linalompa mgeni kuki mpya, wala lile ambalo programu yenyewe imeliwekea alama kuwa ni la faragha. Kinga zipo tangu mwanzo. Tatizo ni kwamba zinapunguza kasi, maana tovuti za siku hizi zinagawa kuki hata kwa mpita njia. Basi fundi anatafuta mistari ya kunakili, anaipata ile inayoiamuru seva ipuuze alama hizo, anaibandika, na grafu inapendeza. Hakuna kengele itakayolia. Kwa seva kila jibu limefika salama, na limefika upesi. Kumbukumbu zake hazina safu ya kuonyesha kwamba limefika kwa asiyehusika. Wa kwanza kujua ni mteja, naye kwa kawaida anajua kwa kumwona mwenzake.

Tena si jambo la mafundi wachanga. Mei 2021 Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, ilipatwa na yaleyale: badiliko la mipangilio ya kache, na kwa takriban nusu saa watumiaji wa programu yake wakawa wanaonyeshwa taarifa za wengine.

Kwa hiyo anza kwa kuizuia kache isihifadhi chochote, kisha iruhusu ukurasa mmoja mmoja unaojua ni wa wote: makala, orodha ya makala, picha. Mwenye kuki ya kuingia, ambayo kwa WordPress jina lake huanza na wordpress_logged_in, apite moja kwa moja hadi kwenye programu. Kikapu, malipo na akaunti visiguswe kamwe, hata siku seva inapozidiwa. Siku hiyo hasa.

Kosa hili likitokea, kurekebisha kanuni peke yake hakutoshi, kwa sababu kurasa zilizokwisha kuhifadhiwa zinaendelea kugawiwa. Valve ililifunga duka, ikakagua kanuni zote, ikasubiri uthibitisho kwamba kanuni sahihi zimefika kwenye kila seva ya mshirika na kwamba kila kilichohifadhiwa kimefutwa, ndipo ikafungua.

Nawe kabla hujaitangaza tovuti yako kuwa ina kasi, ingia kwa akaunti mbili katika vivinjari viwili tofauti, fungua ukurasa uleule kwa kupokezana, halafu ufungue mara ya tatu bila akaunti yoyote. Ukiona jina la mmoja mahali pa mwenzake, zima kache usiku huohuo na uifute yote. Heri wasomaji wangoje.