Mchezo wa Moto na Dhamana ya Wanaotazama

Katika mji wa Nansio, ulio bandari ya kisiwa cha Ukerewe, hapana mtu asiyejua moto juu ya maji. Usiku usiokuwa na mwezi wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao, zamani karabai za mafuta ya taa na siku hizi nyingi za umeme wa jua, hata ziwa likaonekana toka ufukoni kama mji mwingine. Mvuvi wa karabai hukesha na moto ndani ya chombo cha mbao, wala hapana amsifuye kwa hilo. Lakini kijana yule yule akiyatia mafuta yayo hayo kinywani, akayapuliza juu ya mwenge katika uwanja wa harusi, watu humzunguka wakapiga vigelegele na kumtuza fedha. Moto ni ule ule. Lililobadilika ni kwamba wa kwanza anaogopa kuungua, na wa pili analipwa ili aonekane haogopi.

Hapo ndipo lilipo suala. Mtu akiambiwa kuwa mchezo huu una khatari, jawabu lake ni moja: mwili ni wake mchezaji, ameridhia mwenyewe, na mtazamaji hakumshika mkono kumlazimisha. Jawabu hili wamelikubali hata watu wenye akili, na upande wa pili wako wanaokataza kila mchezo wa namna hii kwa neno moja, bila ya kupambanua. Pande zote mbili zimefanya haraka.

Ama wanaokataza kwa jumla, na wakumbuke siku ya Idi katika mji wa Madina, pale Wahabeshi walipocheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.). Mtume hakuwazuia, bali alimsitiri Bibi Aisha nyuma yake ili atazame mpaka aliposhiba kutazama. Mkuki si kitu cha laini. Basi haiwezi kusemwa kuwa kila kitu kiwezacho kuua kimeharimishwa kuchezewa. Walakini Mtume huyo huyo aliamrisha kuwa mtu apitaye na mishale msikitini au sokoni aishike ncha zake, asije akamjeruhi Mwislamu. Na akakataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, hata kwa mzaha. Mchezo umeachwa, na ncha imeshikwa. Aliyepewa jukumu la kushika ncha ni yule mwenye mshale, si mpita njia kujilinda nao.

Moto nao una khabari yake katika zama hizo. Mtume (S.A.W.) alipeleka kikosi na akakiwekea amiri, amiri akakasirika njiani, akaamuru watu wake wakusanye kuni, wawashe, kisha waingie motoni, kwa hoja kuwa wameamrishwa kumtii. Baadhi yao walikaribia kuingia, na wengine wakawazuia wakisema kuwa wamemkimbilia Mtume kwa kuukimbia moto. Vipi tena wauingie? Wakabaki hivyo mpaka kuni zikazimika na hasira ikatulia. Khabari ilipomfikia Mtume alisema kuwa lau wangeliingia wasingelitoka humo, na kuwa utiifu ni katika mambo mema tu. Katika mapokezi mengine amiri huyo ni Abdullahi bin Hudhafa, naye alikuwa mtu wa maskhara. Alipowaona watu wamejifunga kibwebwe tayari kuruka, aliwaambia wajizuie, kwani alikuwa akifanya mzaha nao tu. Khabari hii yafaa kuangaliwa sana na mtu wa leo. Wale walikuwa wameridhia. Ridhaa yao haikuwatolea udhuru, na waliosifika ni wale waliowashika wenzao nguo.

Lakini huenda akatokea msemaji akataja watu wa tarika, akauliza: mbona wako walioingia motoni wakatoka salama? Ni kweli kuwa khabari hizo zimeandikwa. Ibn Battuta, msafiri yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa katika mwaka 1331, miaka minne kabla yake alipita Umm Ubaida karibu na Wasit katika nchi ya Iraki, penye kaburi la Sheikh Ahmad Rifai aliyefariki mwaka 1182. Aliwaona huko mafakiri wamewasha mizigo ya kuni, wakaingia katikati wakicheza. Wengine wakigaagaa katika makaa na wengine wakiyala, hata moto wote ukazimika. Na alipokuwa India mkubwa wa mafakiri wengine alimwomba kanzu yake, akaivaa, akagaagaa nayo motoni, kisha akamrudishia haina hata alama. Jina la Rifai si geni katika pwani hii. Maulidi ya homu ya Unguja hunasibishwa na tarika yake, ijapokuwa hayo ni ya kupinda miili na kuinuka kwa pamoja, hayana moto wowote.

Sasa iangaliwe iliyotokea Dameski katika mwaka 705 wa Hijra, ndio 1305 au 1306. Watu wa tarika hiyo walisimama mbele ya amiri wa mji wakadai kuwa wao huingia motoni wasiungue, na kuwa hiyo ni dalili ya haki yao. Ibn Taimiya aliwajibu kuwa yu tayari kuingia pamoja nao, kwa sharti moja: kwanza waoge wote kwa siki na maji ya moto. Alipoulizwa sababu, akasema kuwa wao hujipaka dawa zilizotengenezwa kwa mafuta ya chura, na maganda ya madanzi, na unga wa jiwe laini. Hapana aliyeoga, wala hapana aliyeingia. Si lazima msomaji amkubali Ibn Taimiya katika mengine aliyosema juu ya matarika, na wanavyuoni wa pwani wengi hawamkubali. Lililo muhimu ni sharti la siki. Nyuma ya mchezo wa moto unaosalimika mara nyingi pana maarifa. Na pasipokuwa na maarifa pana bahati, nayo bahati haikai na mtu siku zote.

Maarifa hayo siku hizi hayana siri. Kaa lililofunikwa na jivu halipitishi joto upesi, kwa hiyo mguu upitao mbio hausalimiki kwa uganga, bali kwa kuwa haukukawia. Ukisimama utaungua, awe mwenyewe ni nani. Anayemficha mwanafunzi wake jambo hili, akampa hirizi mahali pa mafundisho, amemtoa ncha ya mshale mkononi.

Katika nchi ya Wasukuma, ng'ambo ya maji ya Ukerewe, yako makundi mawili makubwa ya ngoma, Wagika na Wagalu, yaliyoanzishwa katika karne ya 19 na wacheza wawili wenye kuitwa Ngika na Gumha. Makundi haya hushindana kwa kucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, karibu na Mwanza, mashindano hayo hufanywa kila mwaka mwezi wa Juni. Wako wachezao na nyoka wakubwa na wako wachezao na fisi, na kila mmoja hutafuta ambalo mwenzake hakuleta. Ni ngoma nzuri zenye ustadi mwingi. Lakini mtu akiifikiri kanuni yake ataona kuwa hakimu ni miguu ya watazamaji. Wakivutwa na ustadi, wachezaji watazidisha ustadi. Wakivutwa na khatari, wachezaji watazidisha khatari. Haiwezekani basi mtazamaji akasema kuwa yeye hakumlazimisha mtu. Yeye ndiye bei.

Jambo hili watu wa Ukerewe walilipata kwa msiba, tena si wa moto. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora kwenda Ukara, kilipinduka kikiwa kimebakia kidogo tu kufika gatini, na wakafa watu zaidi ya 220. Kilikuwa kimepakia kupita kiasi chake kwa sana. Makosa ya wenye kazi yana mahali pake pa kuhukumiwa. Walakini kila aliyeikanyaga ngazi siku ile alijiona ni mtu mmoja tu, na mtu mmoja hazamishi chombo. Katika hadithi mashuhuri Mtume (S.A.W.) alipiga mfano wa watu waliogawana jahazi, wengine juu na wengine chini, na wa chini wakataka kutoboa tundu katika fungu lao ili wasiwaudhi wa juu kwa kupita kuteka maji. Wangeliachwa wangeliangamia wote. Hapo pia tundu lilikuwa katika fungu lao wenyewe.

Haifuati kwamba mwenge usiingie tena uwanjani. Huko Makunduchi, kusini ya Unguja, katika Mwaka Kogwa wa kila Julai, hujengwa kibanda cha makuti, kikatiwa moto hali ya kuwa mtu yumo ndani, naye hutoka mbio. Wako wanaolaumu ada hiyo kwa sababu za dini, na hilo ni suala lingine. Kwa upande wa usalama peke yake, kibanda hicho husimama peke yake uwanjani, na anayeingia anajua atatokea wapi. Mtu wa Nansio anayewasha mwenge chini ya turubai la harusi, baina ya viti vya nailoni, hakujipa hata hayo.

Kuushika moto ncha, basi, ni nini? Kwanza kabisa ni kuacha petroli. Mafuta ya taa hayashiki moto mpaka yapate joto, lakini petroli hutoa mvuke unaowaka hata penye baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa; hutambaa chini kama maji yasiyoonekana, ukaufuata moto ulio mbali na kuurudisha kwenye chombo. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu walilizunguka gari la mafuta lililopinduka, likalipuka, wakafa zaidi ya 100. Hao hawakuwa wakicheza, lakini mvuke ni ule ule.

Kupuliza kwenyewe ndiko kubaya kuliko yote, na hapa mvuvi na mchezaji hutofautiana. Mafuta ya taa yakiteremka tumboni huumiza, na tone likipotea njia likaingia mapafuni huyachoma, mtu akashindwa kupumua baada ya saa kadhaa, ilhali uwanjani alishangiliwa akarudi nyumbani mzima. Aliyemeza hatapishwi, kwani kutapika huyapandisha mafuta na kuyapa nafasi ya pili ya kuingia mapafuni, hupelekwa hospitali. Mchezo wa kuzungusha mienge hupendeza macho vile vile, wala hautii sumu kinywani, na mwenye busara angeliridhika nao.

Ziwa nalo lina upepo wake, wa mchana si wa usiku, na hugeuka ghafla mvua ikikaribia. Mchezaji humwelekezea mgongo, asimpe uso. Nguo ziwe za pamba, kwani nailoni huyeyuka ikagandama na ngozi. Chombo cha mafuta kifunikwe na kiwekwe mbali. Watazamaji wawekwe nyuma ya kamba, upande upepo unakotoka, na njia ya kutokea iachwe wazi, kwa sababu kundi likikimbia huua kwa kukanyagana hata pale ambapo moto haukumgusa mtu. Kisha awepo mtu mmoja asiyecheza wala asiyetazama ngoma, kazi yake ni kumtazama mchezaji tu, naye ana blanketi lililoloweshwa na ndoo za mchanga na maji. Nguo ikishika, mtu asikimbie. Alazwe, abiringishwe, afunikwe. Palipoungua pamiminiwe maji safi ya baridi yapitayo kwa dakika 20, bila ya dawa ya meno wala samli wala mafuta, mpaka afike kwa mganga wa hospitali. Mtu huyu wa blanketi ndiye anayekosekana katika harusi nyingi, kwani kila mmoja hutaka kutazama.

Imebaki dhamana. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wamesema kuwa mtu akiwasha moto katika ardhi yake kwa kadiri ya ada, kisha ukaruka ukaharibu mali ya jirani, halipi. Lakini akiuwasha siku ya upepo mkali, au akauzidisha kuliko ada, ni juu yake kulipa, hata ikiwa hakukusudia. Mwenye harusi aliyemwalika mpuliza moto, akamwonyesha mahali pa kusimama chini ya makuti ya jirani, hawezi kujikinga na sheria hii kwa kusema kuwa yeye alilipa fedha tu. Na mtoto asiyebaleghe aliyepewa mwenge kwa kuwa umri wake mdogo unawafurahisha watu, huyo hana ridhaa ya kutajwa kabisa. Idhini yake si idhini, na babaye hana haki ya kuitoa kwa niaba yake katika jambo la kumwangamiza.

Katika zama za Mtume (S.A.W.) nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamelala, naye akasema kuwa moto ni adui, na akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Huko Nansio ngoma huisha usiku mkubwa, wachezaji wamechoka, wageni wanakimbilia kulala ili waiwahi meli ya Mwanza ya asubuhi, na mienge imeachwa imeegemezwa ukutani ikitoa moshi. Wa mwisho kuondoka uwanjani na awe yule aliyelipa fedha ya mchezo, na ndoo yake mkononi.