Je, Ulikuwako Kweli?

Watu wawili wametoka pamoja katika sherehe moja. Uwaulize mmoja mmoja. Wa kwanza atasema muziki ulikuwa mtamu. Wa pili atasema ulimpasua masikio. Wa kwanza atasema watu walijaa hata mlangoni. Wa pili atasema viti vingi vilibaki wazi. Je, yupi mwongo? Labda hakuna, maana mmoja alikaa mbele, mwingine alikaa nyuma. Lakini yuko mtu wa tatu, naye anasimulia sherehe ile vizuri kuliko hao wawili. Kumbe siku ile alikuwa kwake, amelala.

Leo tufikiri kidogo juu ya watu hao watatu. Kusimulia tuliyoyaona ni kazi tunayoifanya kila siku, wala hatuiogopi. Pengine ingefaa tuiogope kidogo.

Mfano wetu tutautoa mbali, katika mji wa Manchester, nchi ya Uingereza. Mjini humo mna jumba kubwa la mawe liitwalo Free Trade Hall. Lilijengwa katika karne ya 19. Mabomu ya vita yakaliharibu mwaka 1940. Likatengenezwa, likafunguliwa tena mwaka 1951. Siku hizi limegeuzwa kuwa hoteli, lakini zamani watu walikusanyika humo kwa mikutano na kwa muziki. Katika jumba hilo yalifanyika matamasha mawili ambayo wapenzi wa muziki wa roki hawajaacha kuyasimulia mpaka leo: la kwanza mwaka 1966, la pili mwaka 1976. Tuanze na hilo la pili.

Tarehe 4 Juni 1976 kikundi cha vijana wa London kilikuja kupiga muziki katika ukumbi mdogo ulio juu ndani ya jumba hilo. Kikundi kiliitwa Sex Pistols, jina ambalo hatuna haja ya kulifasiri katika ukurasa huu. Waliowaalika walikuwa vijana wawili, Howard Devoto na Pete Shelley. Kiingilio kilikuwa pensi 50. Wageni hao walikuwa hawajatoa hata santuri moja, na watu wachache tu walifika. Hesabu inayotajwa kwa kawaida ni kama watu 40.

Hata hivyo usiku ule ulizaa mambo makubwa. Walikuwako vijana wawili, Bernard Sumner na Peter Hook. Kesho yake Hook alikwenda dukani kununua gitaa la besi, na baadaye wote wawili walikuwa katika kikundi kilichojulikana sana, Joy Division. Wengine waliokuwamo nao walishika muziki. Basi sifa ya tamasha lile ikakua. Cha ajabu ni hiki: watu waliohudhuria nao wakakua! Miaka ilivyopita, wale wanaosema “mimi nilikuwako” wakaongezeka, hata ikawa mzaha kwamba ukumbi ule mdogo ulibeba maelfu ya watu. Mwandishi mmoja, David Nolan, aliwatafuta mashahidi akaandika kitabu juu ya usiku ule. Jina lake ni I Swear I Was There, yaani “Naapa nilikuwako.”

Wazee wanasema njia ya mwongo ni fupi. Lakini hapa tunaona njia iliyokwenda miaka mingi, wala wapitaji wake hawajachoka. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja anajiambia: “Uwongo huu ni mdogo. Nani ameumia? Nani ameibiwa? Nimesema tu kwamba nilisikia muziki.”

Tujibu swali hilo kwa haki, maana si swali la kijinga. Ni kweli, hakuna aliyepotewa na mbuzi wala na shamba. Lakini yuko aliyeibiwa. Fikirini habari ya fedha za bandia. Noti moja ya uwongo ikijulikana sokoni, mama muuzaji huanza kuzigeuzageuza noti zote, hata ile njema ya mtu mwaminifu. Vivyo hivyo, mtu aliyelipa pensi zake 50 na kupanda ngazi usiku ule, leo akisema “nilikuwako,” watu wanacheka. Neno lake la kweli limepoteza thamani, kwa sababu wengi wamelitumia bila kuwa na haki nalo. Tena yule anayedanganya anajiibia mwenyewe. Akisimulia mara kumi jambo asiloliona, kumbukumbu yake huanza kumtii. Mara ya ishirini anaiona picha yake mwenyewe amesimama ukutani, anausikia jasho na kelele. Sasa hadanganyi tena watu tu, amejidanganya yeye. Na mtu asiyejua kwamba amepotea, atatafutaje njia ya kurudi?

Lakini tusiwahukumu wote pamoja. Tarehe 20 Julai 1976 kikundi kilekile kilirudi katika ukumbi uleule, na safari hii watu walikuwa wengi zaidi. Miaka ikipita, ni rahisi kuchanganya Juni na Julai. Aliyechanganya hajatenda dhambi, amezeeka tu. Dhamiri humshtaki yule anayejua na bado anasema.

Tena tutazame njaa iliyo chini ya uwongo huo. Mtu anapenda kuwa karibu na mwanzo wa jambo kubwa. Hataki kuwa mtu aliyekuja nyuma, milango ikiwa imefungwa. Njaa hiyo si mbaya. Lakini uko mlango wa haki wa kuishibisha, nao ni neno moja fupi: “Sikuwako.” Mtu akisema, “Mimi sikuwako, lakini nilimsikia kaka yangu akisimulia, na hivi ndivyo alivyosema,” amefanya kazi njema. Amekuwa mchukuzi mwaminifu wa mzigo wa mwenziwe. Mambo mengi tunayoyajua yametufikia kwa mikono ya wachukuzi wa namna hiyo. Neno “sikuwako” halimpunguzii mtu heshima. Linaipa nguvu siku ile atakaposema “nilikuwako.”

Sasa tushuke katika ukumbi mkubwa wa jumba lilelile, miaka 10 nyuma. Tarehe 17 Mei 1966 alikuja Mmarekani Bob Dylan. Vijana wengi walimpenda kwa nyimbo alizoimba peke yake, na gitaa lake na kinanda cha mdomo, nyimbo zenye kutetea wanyonge. Katika nusu ya kwanza ya tamasha aliimba hivyo, nao wakatulia. Katika nusu ya pili alirudi na wenzake na magitaa ya umeme, kwa sauti kubwa sana. Hapo ukumbi ukagawanyika. Wengine walifurahi, wengine walipiga makofi polepole makusudi ili kumvuruga. Karibu na mwisho, kati ya wimbo na wimbo, mtu mmoja alipaza sauti akamwita Yuda! Dylan akamjibu kwamba hamsadiki, tena kwamba yeye ni mwongo. Kisha wakaupiga wimbo wa mwisho kwa nguvu.

Hapa hatuulizi tena nani alikuwako, ingawa hata juu ya hilo kuna neno: baada ya miaka mingi watu wawili mbalimbali walidai kwamba ndio waliopaza sauti ile. Tunauliza jambo lingine: shahidi anayo ruhusa ya kusema mpaka wapi?

Yule kijana alikuwa na haki ya kusema: “Sauti ni kubwa mno, siyasikii maneno.” Alikuwa na haki ya kusema: “Nimehuzunika, nilizipenda nyimbo zile za zamani.” Huo ni ushuhuda wa masikio yake na wa moyo wake mwenyewe, na hakuna awezaye kumkatalia. Lakini kuita mtu Yuda ni jambo jingine kabisa. Sisi Wakristu tunalijua jina hilo na uzito wake. Ni kusema: “Huyu amewauza waliomwamini, kwa ajili ya fedha.” Je, kijana aliyaona mauzo hayo? Hakuyaona. Aliona mtu aliyebadili gitaa. Mengine yote aliyaongeza yeye, akitoka katika kiti cha shahidi na kupanda kiti cha hakimu. Na Dylan naye, kwa hasira yake, akafanya vilevile. Alimwita mwenziwe mwongo, lakini uchungu wa kijana yule haukuwa uwongo; ulikuwa uchungu wa kweli uliochagua neno baya.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mwaka 2012, miaka 46 baada ya usiku ule, Dylan alikuwa mzee wa miaka 71. Alipoulizwa na gazeti juu ya wanaomlaumu, alilikumbuka jina lile la Yuda kwa uchungu. Aliyelitamka alitumia muda mfupi kuliko wa kukohoa. Aliyelipokea alilibeba karibu nusu karne.

Liko na jambo la tatu la kutazama. Muziki wa usiku ule ulinaswa kwenye ukanda wa sauti, na baadaye santuri zake zikapita kwa magendo kutoka mkono hadi mkono. Lakini zilitangazwa kuwa ni za Royal Albert Hall, jumba la London. Wapenzi wengi wa muziki wakasadiki hivyo kwa miaka mingi. Hao hawakuwa waongo. Walikiamini tu walichosoma. Tamasha lilipotolewa kwa njia halali mwaka 1998, ukweli wa Manchester ulikuwa umejulikana, lakini jina la uwongo lilikuwa limezoeleka kiasi kwamba liliachwa kwenye jalada, likiwekwa tu ndani ya alama za kunukulu. Ndivyo lilivyo kosa la shahidi mmoja asiyejali: linakaa nyumbani mwa watu kama mgeni asiyejua kuaga.

Wasomaji wapenzi, mtasema: hayo ni mambo ya muziki wa Wazungu, yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Ulimi unaojizoeza katika mambo madogo ndio huohuo utakaoitwa katika makubwa. Siku moja utaitwa barazani juu ya mpaka wa shamba. Utaulizwa: “Ulikuwako wazee walipopanda mti ule wa mpaka?” Siku nyingine, kwenye kilio, watu watauliza marehemu alisema nini kabla ya kufa, na nani alipewa kazi ya kuwatunza watoto. Siku nyingine jina la msichana litatajwa njiani, na utasikia watu wakisema, “Sote tulimwona.” Sote? Wangapi walimwona, na wangapi walisikia tu kwa jirani? Hapo hakuna tena mzaha wa ukumbi mdogo uliobeba maelfu. Hapo kuna shamba la mjane, kuna yatima, kuna maisha ya mtu.

Amri ya nane inatukataza kushuhudia uwongo, nasi tunadhani ni amri ya mahakamani tu. Kumbe inaanza sebuleni, tunapotoka katika sherehe na kuketi kusimulia. Basi tujizoeze kujiuliza kabla ya kusema. Je, nilikuwako, au nilisikia? Nilikaa wapi, na kutoka hapo niliweza kuona nini? Je, ninasema aliyoyatenda mtu, au ninadai kuyajua yaliyo moyoni mwake?

Jumapili ijayo, waimbaji wa parokia wakimaliza na watu wakianza kuulizana nje ya kanisa walivyoimba, jaribuni. Aliyekuwako aseme alivyosikia kutoka mahali alipokaa. Aliyechelewa aseme, “Nilichelewa, nisimulieni.” Wenziwe watamsimulia kwa furaha, naye atarudi nyumbani akiwa na habari ya kweli ya kuwapelekea wagonjwa wasioweza kufika.