Dhara Hurithiwa, Hatia Hairithiwi

Swali la iwapo mtoto hubeba aliyoyatenda baba yake ni la kale katika dini, na huko Likoni, Kisauni na Changamwe, ambako waumini wa msikiti na wa kanisa ni majirani, wengi hulijibu kwa methali kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Elimu ya viumbe huonekana kuiunga mkono methali hiyo, kwani mwaka 2019 watafiti wa China walibainisha kuwa virusi viudumazavyo mpunga na kuuotesha vivimbe hurithishwa na dume la mdudu mdogo afyonzaye utomvu wa mmea huo: chembe ya virusi hujibandika juu ya mbegu ya kiume, ikasafiri nayo hadi ndani ya yai, na mtoto huanguliwa akiwa na maradhi ya mpunga ambao hajauonja.

Hata hivyo, kilichorithiwa hapo ni dhara, si hatia, kwa kuwa hatia huhitaji nia, yaani azma ya moyo inayotangulia tendo. Qur'ani, katika Surat al-An'am aya ya 164, huiwajibisha kila nafsi kwa matendo yake yenyewe. Ezekieli, sura ya 18, hukataa mwana kuadhibiwa kwa uovu wa baba. Na Kanisa Katoliki, ingawa hufundisha dhambi ya asili, huieleza kuwa hali iliyopokewa, wala si tendo alilolitenda mtoto.

Mkulima wa mhogo analijua jambo hili kwa mikono yake. Batobato, ugonjwa wa virusi vienezwavyo na inzi weupe, husafiri pia ndani ya pingili za kupandia, hivyo pingili iliyokatwa kwenye shina gonjwa huchipuza majani yaliyojikunja yenye mabaka ya manjano, hata ikipandwa katika udongo wenye rutuba. Pingili haikuchagua shina lake. Mwenye kuchagua ni aliyeshika panga.

Binadamu ni pingili na mshika panga kwa pamoja: hupokea asichokichagua, lakini huamua atakachowaachia wanawe. Kwa hiyo, jamii inayomnyima kazi au posa mtoto wa mraibu wa dawa za kulevya kwa sababu ya baba yake haitekelezi dini, bali hujitwika hatia yake yenyewe.