Nywele Zioshwe Mara Ngapi?

Likasi, mji wa shaba na kobalti ulioitwa Jadotville enzi za Wabelgiji, unastahili jibu la wazi kwa swali hili: je, anayechelewa kuosha nywele anamkosea Mungu? Nasema hapana. Umm Salama, mke wa Mtume Muhammad, alipomuuliza Mtume kama afumue misuko yake kwa ajili ya josho la janaba, yaani la kujitoharisha baada ya tendo la ndoa, alijibiwa, katika mkusanyo wa hadithi wa Muslim, kwamba inamtosha kujimwagia maji kichwani mara tatu. Dini ilimtazama mwanamke mwenyewe na nywele zake, ikampunguzia mzigo. Kuna atakayepinga kwa hadithi ya Bukhari inayomtaka kila Mwislamu aoshe kichwa na mwili walau mara moja katika siku saba. Hoja hiyo ni nzito, lakini wanazuoni wengi wameichukua kuwa sunna iliyokokotezwa, si faradhi. Na maji hufika kwenye ngozi hata misuko isipofumuliwa.

Mama anayebeba bidoni la maji kwa sababu bomba limekauka asihukumiwe kwa kalenda. Mchimbaji ni jambo jingine. Vumbi la madini hung'ang'ania nywele, likaingia naye nyumbani, likabaki kwenye mto anaolalia mtoto. Huyo aoshe kichwa kila jioni, kabla hajampakata mwanawe, maana uchafu wake unaweza kumdhuru asiyeweza kujikinga. Wajibu unaanzia hapo. Wahubiri wetu, Waislamu kwa Wakristo, lisemeni hilo kwanza, na misuko ya akina mama muiache.