UKUTA WA MAYATIMA NA KUTA ZA NDIA KUU

 

Sura ya Al-Kahf twaisoma kila Ijumaa, na wengi wetu twaisoma kwa moyo. Humo mna kisa cha Nabii Musa na yule mja mwema ambaye maulamaa wamemwita Khidhri. Waliingia mji mmoja wakaomba chakula, wakanyimwa. Kisha wakauona ukuta ukikaribia kuanguka, na yule mja mwema akausimamisha wala asitake ujira. Musa alistaajabu, hata alipoelezwa kuwa ukuta ule ni wa mayatima wawili, na chini yake mna hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema. Basi sisi twasoma haya, twatoka msikitini, twapita Ndia Kuu chini ya roshani iliyooza mbao zake, wala hatuinui macho.

Maneno yetu ya leo twawaelekezea hasa wale waliopata nyumba karibuni, ama kwa kununua ama kwa kurithi. Aliyenunua, aghalabu hudhani kuwa kazi yake imekwisha siku ya kutia sahihi. Na waliorithi hali yao ni nzito zaidi. Nyumba moja ina warithi tisa au kumi na mmoja. Huyu yuko Maskati, yule yuko London, na waliobaki hapa hawasemezani. Kodi ikija kila mmoja aijua sehemu yake mpaka senti ya mwisho. Lakini mfuko wa chokaa hauna mwenyewe.

Yafaa mwenye nyumba aijue nyumba yake. Kuta za kale za mji huu ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari zake nyingi zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hunywa maji na huyatoa. Mvua humwingia, na jua na upepo humkausha. Lipu ya chokaa humwachia apumue. Mtu akija na saruji akampaka pande zote, maji yaliyomo ndani hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya, na lipu ile ngumu hubanduka vipande vipande pamoja na uso wa jiwe. Mmoja katika sisi aliyafanya hayo kwa nia njema, akasifiwa na kila apitaye kwa weupe wa ukuta wake. Zilipopita masika tatu, vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vilikuwa vimeoza, waweza kuvichimba kwa kijiko. Gharama ya kuzibadilisha boriti zile ilikuwa mara nyingi kuliko gharama ya chokaa aliyoikimbia.

Kwa hiyo adui wa kwanza ni maji, na mlango wake ni paa. Kabla ya masika, yaani Machi isimalizike, na apandishwe mtu juu atazame mabati yaliyoliwa na kutu, misumari iliyolegea, na mifereji ya mapaa iliyozibwa na majani na manyoya ya kunguru. Mvua ya Mei haimngoji mtu. Mche uliojiotea katika ufa wa ukuta ung'olewe ukiwa mdogo kama kidole, kwani mizizi yake hufungua jiwe kama kabari. Kadhalika njia za udongo za mchwa kwenye miimo ya milango, na maji yadondokayo usiku na mchana kutoka mashine za baridi yakilowesha pahala pamoja.

Na hili la matangi tusilisahau. Lita 1000 za maji zina uzito wa tani nzima. Wako waliopandisha tangi kama hilo, na la pili kando yake, juu ya dari iliyowekwa na babu wa babu yao kwa ajili ya kulalia wakati wa joto. Tangi likae chini juu ya msingi wake, na la juu liwe dogo, tena juu ya ukuta mnene, si katikati ya chumba.

Ajuaye haya na aongeze hili: Mji wa Kale ulitangazwa kuwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1990, basi kabla ya kubomoa au kubadili sura ya nyumba ni lazima kutaka ruhusa. Wengine huona udhia. Sisi twaona udhia mkubwa zaidi ni kuacha mpaka pasibaki ila kubomoa.

Ama haki ya jirani na mpita njia, Mtume wetu amekataza kudhuru na kulipizana madhara. Maulamaa wamehitilafiana katika ukuta uliojengwa sawa kisha ukainama: wako waliosema mwenyewe hulipa ukimuumiza mtu, ikiwa alionywa naye aweza kuutengeneza akapuuza, na wako waliosema halipi. Twawajua watakaoishika kauli ya pili kwa mikono miwili. Na waishike, lakini mtoto aendaye chuoni asubuhi na msahafu wake kifuani hapiti chini ya kauli, apita chini ya roshani.

Na katika sheria ya wakfu, jambo la kwanza litolewalo katika mapato ni matengenezo ya kitu chenyewe, kisha ndipo wanaostahiki wapewe fungu lao. Nyumba ya mirathi si wakfu, lakini ni nini kinachowazuia warithi kuafikiana hivyo kwa hiari? Fungu moja la kodi litengwe kabla ya kugawa, liwekwe kwa mtu mmoja mwaminifu, naye aandike kila alichotoa ili wa Maskati na wa London wapate kusoma.

Darasani kwetu tuna ngazi ndefu na kamba mbili. Mwenye kuzihitaji kabla ya masika na aje baada ya sala ya Laasiri, azirudishe kabla ya Magharibi. Na nyumba ya mjane asiye na kijana wa kupanda, atuambie jirani yake, tutapanda sisi.