Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 19: Injini Imefia Mkononi Mwako



Ndugu zangu, mama zangu na dada zangu wa jamaa yetu hapa Tarime, na nyie wa Mugumu mnaotufuata humu, Ramadhani kareem. Leo naomba tuzungumzie gari. Ndiyo, gari. Katika mambo yanayofanya watu wawili wa safu moja watoke tarawehe bila kusalimiana, gari lililoharibikia mikononi mwa mtu mwingine limo, na kwa huku kwetu liko juu kabisa kwenye orodha.

Sitaji mtu, na wala sina mtu mmoja kichwani. Kisa kinajirudia kila mwaka na sura yake ni ileile. Mtu ana Noah au Probox yake. Kampa dereva abebe abiria wa Sirari, au apite nayo Nyamongo mpaka Mugumu, jioni alete hesabu. Au kamuazima shemeji yake ampeleke mgonjwa Musoma. Saa nne usiku simu inalia: "Kaka, gari imezima huku, haiwaki." Asubuhi fundi anafunua boneti, anatikisa kichwa, anasema injini imekufa. Mwenye gari anasema, umeniulia gari. Dereva anasema, gari lako lilikuwa bovu tangu siku unanipa. Yaani kila mmoja ameshatoa hukumu, na injini yenyewe haijafunguliwa hata nati moja.

Sasa hapo ndugu zangu tusimame kidogo. Injini kufia mkononi mwa mtu ni jambo moja. Injini kuuawa na mkono wa mtu ni jambo jingine. Dini yetu inayatenganisha haya mawili, na sisi tunayachanganya kwa sababu ya hasira.

Mnaijua Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na ya 79. Nabii Daudi na mwanawe Sulaiman (a.s.) waliletewa shauri la mifugo ya watu iliyoingia shambani kwa mwingine usiku, ikala mazao. Watu wa Tarime na Serengeti hatuhitaji kufafanuliwa kesi ya namna hiyo, tumeiona kwa macho. Lakini angalieni lile neno lililotumika ndani ya aya: ni kulisha kwa usiku. Kwa nini usiku utajwe? Jibu tunalipata kwa Mtume (s.a.w.). Ngamia wa sahaba Al-Baraa bin Aazib (r.a.) aliingia kwenye bustani ya watu akaiharibu. Mtume akahukumu kwamba mchana mwenye shamba alinde shamba lake, na usiku mwenye mnyama afunge mnyama wake. Kinachoharibiwa usiku ni juu ya mwenye mnyama.

Mmeona? Hakuangalia hasara peke yake. Aliangalia hasara ilitokea saa ngapi, na saa hiyo ulinzi ulikuwa wajibu wa nani. Na injini ni hivyohivyo. Swali la kwanza halitakiwi kuwa gari lilizima kwa nani. Liulizwe hivi: ugonjwa uliingia lini?

Na injini, tofauti na sisi binadamu, haijui kusema uongo. Ukiifungua vizuri inaeleza. Chomoa kile kijiti cha kupimia oili. Ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili: gasketi ya hedi imeungua, au hedi yenyewe imepinda au imepasuka. Mara nyingi hiyo ni baada ya gari kuchemsha. Lakini usikimbie kumhukumu dereva, uliza kwanza lilichemsha kwa nini. Fungua rejeta. Ukikuta imeziba kwa kutu na tope jekundu, hiyo ni kazi ya miaka ya kujaza maji ya kisima badala ya kulanti, yale maji ya rangi yanayouzwa kwenye madumu. Tope hilo halikutengenezwa na dereva wa wiki tatu. Ukikuta rejeta ni safi ila mpira wa maji umepasuka, basi kuna habari nyingine: ulipasuka wapi, na baada ya kupasuka gari lilitembea umbali gani?

Ukikuta kijiti ni kikavu, oili imekwisha, lala chini uangalie sampo, lile bakuli la oili lililo chini ya injini. Jiwe la njiani likiligonga, jeraha lake ni jipya, chuma kinang'aa. Kuvuja kwa zamani hakuko hivyo. Utakuta vumbi limegandana na oili, tabaka juu ya tabaka, mpaka unaweza kulikwangua kwa bisibisi. Na gari linalokula oili polepole, likitoa moshi wa bluu asubuhi, mwenyewe analijua miezi mingi kabla. Oili iliyokuwa nzito kama lami inasema haijamwagwa muda mrefu. Mkanda wa taiming ukikatika kwa uzee, dereva hapewi hata dakika ya onyo, gari linazima tu. Lakini injini iliyokosa oili inatoa onyo: taa nyekundu inawaka, kisha inaanza kugonga. Ukizima palepale unaweza kuiokoa. Ukisema "nifike tu pale mbele", beringi zinayeyuka na kranki inabadilika rangi kwa moto, na fundi akiishika mkononi anaona kabisa kwamba hii haikufa ghafla, iliendeshwa huku inalia.

Nimeeleza hivi kwa urefu kwa sababu. Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua (aya ya 6), na inatukataza dhana nyingi (aya ya 12). Tunazisoma aya hizi tukidhani ni za siasa na umbea. Hapana. Kufungua sampo kabla ya kufungua mdomo ni kuzifanyia kazi aya hizo.

Nije kwenye hukumu, kwa kifupi, na kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii. Mikono haifanani. Dereva wa hesabu na aliyekodi gari, mkono wao ni mkono wa amana: injini ikifa bila wao kuvuka mpaka wala kuzembea, hawalipi. Kuvuka mpaka ni kama kuambiwa uishie Sirari, wewe ukachukua mzigo wa Mugumu. Au kumpa deiwaka usukani bila mwenye gari kujua. Kuzembea ni kama ile taa nyekundu niliyoitaja. Kwenye hayo unalipa, hata kama ulikuwa na nia nzuri.

Aliyeazima bure, hapa Shafii ni wakali zaidi, na wengi wetu hatujui. Kitu cha kuazima kiko kwenye dhamana yako. Kikiharibika nje ya matumizi uliyoruhusiwa, unalipa hata kama hukuzembea. Kilicholika kwa matumizi uliyoruhusiwa, kama tairi kuisha kwa safari aliyokuruhusu, hulipi. Wenzetu wa Hanafi wanaona aliyeazima naye ni mwenye amana tu. Dalili ya upande wetu ni kisa cha Safwan bin Umayya. Mtume (s.a.w.) alimuazima deraya za vita kwa ajili ya Hunain, mwaka wa 8 Hijria, na Safwan wakati huo hajasilimu. Akauliza kwa wasiwasi kama ananyang'anywa. Akaambiwa hapana, ni azima yenye dhamana. Baadhi zikapotea, na Mtume akataka kumlipa. Safwan akakataa malipo, akasema moyo wake siku hiyo ulikuwa umeshaupenda Uislamu kuliko siku ile aliyoazimisha. Deraya chache zilizopotea, na namna zilivyosemewa ukweli, zilifanya kazi ambayo upanga haukuifanya.

Na fundi je? Maana wakati mwingine dereva na tajiri wanagombana, na aliyeacha nati ya kumwagia oili haijakazwa juzi yupo pembeni anawaamulia! Mtume (s.a.w.) alisema kwamba mwenye kutibu watu na hajulikani kwa utabibu, akiharibu, dhamana ni yake. Wanazuoni wamehitilafiana sana juu ya mafundi, lakini kijana anayejifunzia ufundi kwenye gari la mtu bila kumwambia ndiyo kwanza anajifunza, sioni pa kujifichia. Kwa hiyo aliyeligusa gari mara ya mwisho asiwe yeye wa kulichunguza. Tafuteni mwingine, mkubaliane wote wawili, muwepo wote wawili injini inapofunguliwa, na vipuri vilivyotoka viwekwe kwenye mfuko, visitupwe. Mpige na picha.

Ila kuna kitu kipuri hakiwezi kusema. Hakiwezi kusema mshale wa joto uliupanda lini, na wewe uliuona au hukuuona. Usiku ule kwenye kilima, abiria wamelala, shahidi alikuwa wewe peke yako na Mola wako. Ulisimama mara ngapi kuongeza maji? Ulimwaga maji baridi kwenye injini ya moto? (Hilo peke yake linaweza kupasua hedi.) Kabla tajiri hajafika, uliongeza oili ili akute kijiti kina oili? Wapo wanaofanya hivyo, tunajua.

Na sasa nakukumbusha umefunga. Tangu alfajiri una kiu, na hapo bafuni kuna bomba, na mlango una komeo. Hukunywa. Hakuna binadamu aliyekuwa akikulinda. Ulijizuia kwa sababu unajua Anakuona. Basi huyo aliyekuona bafuni ndiye aliyekuona kwenye kilima. Haiwezekani swaumu yako iwe ya kweli kwenye maji ya bomba halafu iwe bubu kwenye maji ya rejeta. Mwambie mwenzako: "Niliiona taa, nikadhani nitafika." Sentensi hiyo ni nzito, wallahi ni nzito, kwa sababu bei ya injini dereva haishiki kwa mkupuo. Lakini amana si gari peke yake. Habari za gari nazo ni amana, na Suratun Nisaa aya ya 58 inataka amana zirudishwe kwa wenyewe.

Na wewe tajiri usitabasamu. Ulijua inakula oili lita moja kila baada ya siku kadhaa, ukamwambia? Ulijua feni haizunguki vizuri, au fundi aliitoa thamostati na kuitupa, ukanyamaza ili dereva asikatae kazi? Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono kwenye rundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, na aliyoyasema kwa yule mwenye nafaka mnayajua. Gari lenye ubovu uliofichwa ni nafaka ileile. Ukimkabidhi mtu ufunguo, mkabidhi na maradhi.

Kiapo kije mwisho. Wengine wakikosana kidogo tu: "Shika msahafu!" Taratibu. Anayedai ndiye wa kuleta ushahidi, na anayekana ndiye wa kuapa, pale ushahidi unapokosekana. Ukiwa na injini haijafunguliwa, ushahidi bado unao, umelala gereji. Usimsukume ndugu yako kwenye kiapo ndani ya mwezi huu kwa uvivu wa kufungua nati. Wanaokwenda kwa mganga kuulizia nani kaua injini, hao tutawazungumzia siku nyingine, wana darasa lao.

Turudi kwa Daudi na Sulaiman (a.s.), maana sijamalizia. Wafasiri wanaeleza kwamba Daudi alihukumu mifugo ipewe mwenye shamba kufidia mazao. Sulaiman akaona njia nyingine. Mwenye shamba achukue mifugo, atumie maziwa na sufi yake. Mwenye mifugo alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa. Kisha kila mmoja arudishiwe chake. Mwenyezi Mungu anataja kwamba alimfahamisha Sulaiman, na kwamba wote wawili aliwapa hekima na elimu. Hasara ikalipwa yote, na hakuna aliyefilisika.

Kwa hiyo ikithibitika dereva alizembea, anadaiwa, hilo halina mjadala. Lakini wapo waliokubaliana dereva abaki kwenye usukani, injini ya mtumba ifungwe, na sehemu ya kila hesabu ikatwe mpaka deni liishe, imeandikwa na mashahidi wamesaini. Ikithibitika ubovu ni wa zamani, tajiri amfute dereva lile jina la muuaji mbele ya watu walewale aliolisemea. Na ikionekana kila mmoja ana fungu lake, rejeta mbovu ya huyu na taa iliyopuuzwa na yule, wagawane kwa kukadiriwa na anayejua.

Mwenye shauri la namna hii lisimalizwe kwa simu wala kwa sauti za WhatsApp. Njoo baada ya tarawehe, njoo na mwenzako, tukae na imamu. Mje na ule mfuko wa vipuri. Suala likiwa zito tutalifikisha kwa sheikh wa wilaya.

Kesho in shaa Allah tutazungumzia itikafu, kumi la mwisho linaingia. Wanaotaka kukaa itikafu msikitini waandike majina mapema, ili daku ipangwe.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.