Kadiri ya Maji na Haki ya Asiyeonekana

Katika mas-ala ambayo watu huyadharau, na ilhali hisabu yake ni kubwa mbele ya Mwenyiezi Mungu, ni hili: mtu akiuzuia mto, au akiufungua kupita kadiri yake, na madhara yakamfika asiyemjua, je, amedhulumu? Wako wasemao kuwa hapana dhulma ila kwa jirani, na jirani ni yule unayesikia naye adhana moja. Kauli hii ni dhaifu, na udhaifu wake waonekana Kagongwa.

Kagongwa ni mji ulio baina ya Isaka na Kahama, katika nchi ya Shinyanga, na mchele wa pande hizo huliwa hata pwani. Nchi ile ni kavu. Mito yake hupita wakati wa mvua, kisha hubaki mchanga mtupu. Kwa hivyo maji yalitafutwa mbali. Tangu mwaka 2009 yavutwa kutoka Ziwa Victoria, mahali paitwapo Ihelele, yakafika Shinyanga na Kahama, na baadaye bomba likafikishwa Kagongwa na Isaka. Basi mwanamke wa Kagongwa akingaye ndoo yake alfajiri ni mshirika wa ziwa, ajapokuwa hajaliona.

Na ziwa lile lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, Uganda, uanzapo mto Nile. Zamani mlinzi wa mlango huo alikuwa ni jabali la maporomoko ya Ripon: ziwa likipanda, mto hutoka kwa wingi, likishuka, hupungua wenyewe. Mwaka 1954 ukafunguliwa ukuta wa Owen Falls, na amri ikatoka kwa jabali ikaingia mikononi mwa wanaadamu. Hatari yake ilijulikana, ndipo yakafanywa mapatano na Misri kuwa maji yatolewe kwa kadiri ileile ambayo mto ungeyatoa lau usingejengewa ukuta. Hiyo ndiyo iliyokuwa mizani. Kisha stesheni ya pili, Kiira, ikaanza kazi mwaka 2000. Haja ya umeme ikazidi, mvua zikapungua, na baina ya 2003 na 2006 maji yakatolewa kupita mizani. Ziwa likashuka zaidi ya mita 1, hata mwaka 2006 likafika chini pasipopata kufika tangu 1923. Waliopima walikadiria kuwa zaidi ya nusu ya kushuka kwa miaka 2004 na 2005 kulitokana na milango ile, si na ukame.

Atasema mtu: watu wa Jinja hawakumnyima yeyote maji, bali waliyaachia. Ni kweli, na hukumu ya bonde la Mahzur, Madina, ilikuwa juu ya kuzuia: aliye juu ayazuie maji hata yafike kifundo cha mguu, kisha amwachie wa chini yake. Lakini illa ya hukumu ile si kuzuia, ni kadiri. Apitaye kifundo kwa kufunga na apitaye kwa kufungua wamechukua kitu kimoja, nacho ni fungu la mwengine.

Na akidai dharura, dharura humwondolea mtu dhambi, lakini haibatilishi haki ya mwengine. Mwenye njaa akila chakula cha mtu hana dhambi, na thamani yake atailipa. Basi aliyefungua mlango kwa haja ya taa ana deni kwa mvuvi wa Mwanza ambaye maji yalimkimbia. Wala asiseme kuwa ziwa lilirudi. Mwezi wa Mei 2020 lilipanda hata likapita kiwango cha 1964, likaingia majumbani mwa watu; lakini mvua ya Mungu haimlipii mdaiwa deni lake.

Sasa mizani hiyohiyo yaigeukia Kagongwa. Misri ililipinga bomba la Ihelele kwa hoja ya mapatano ya 1929 yaliyoandikwa na Waingereza, nayo Tanganyika ilikwisha sema mwaka 1962 kuwa hayaifungi. Hapo haki ilikuwa kwa Tanganyika, kwani kiu hutangulia shamba katika sharia, na mtu hafungwi na ahadi ya aliyemtawala. Lakini bomba halichagui baina ya mtungi na kinu, na haki ya kiu si haki ya kila kitu. Mapatano mapya, yaliyofunguliwa kutiwa saini Entebbe mwaka 2010, yalianza kufanya kazi Oktoba 2024, na Tanzania imo. Misri na Sudani hazikuingia.